Kila Kivuli na Mwenyewe

Mgeni anayefika Songea mwezi wa kumi na moja, kosa lake la kwanza liko ndani ya begi. Ameambiwa na watu wa kwao kwamba Songea ni baridi, kwa hiyo amebeba sweta. Hawakumdanganya, ila hiyo baridi ni ya Juni na Julai. Mwezi wa kumi na moja mvua imekaribia lakini haijashuka. Mawingu yanajaa juu ya milima ya Matogoro, hewa inasimama, na mji mzima unakuwa kama sufuria iliyofunikwa. Hilo ndilo fukuto. Jua la Tunduru, nilikozaliwa mimi, linakuchoma kisha linakuacha uende zako. Fukuto la Songea linakukalia.

Nimekaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni Mfaranyaki kwa miaka mingi, na mgeni aliponiuliza atautembeleaje mji bila kuzimia njiani, nilikuwa na jibu moja. Nilimwambia akae barazani anywe maji, kisha nikampigia simu mzee mmoja aliyekuwa akiishi mitaa ya jirani. Mjini walimwita Mzee wa Wageni. Hata wajukuu zake walimwita hivyo.

Alikuja kwa miguu, amevaa koti. Alimsalimia mgeni, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, bila haraka, kama fundi anayepima kitambaa. Viatu vya plastiki vilirudishwa chumbani. Shati la kubana nalo lilirudishwa. Mgeni akitoka amevaa shati la pamba lililopwaya, mzee alitikisa kichwa kuridhika. Halafu aliniomba kanga kuukuu, akailoweka kwenye ndoo, akaikamua na kumpa aivae shingoni. Wanaume wa Dar es Salaam walikataa mara ya kwanza. Walipofika sokoni walikuwa wanatafuta bomba waloweke tena.

Ukimwona akitembea na wageni ungedhani amepotea. Kutoka kwetu Mfaranyaki hadi soko kuu mtu wa kawaida anafuata barabara kubwa moja kwa moja. Yeye alikata kona, akavuka, akarudi upande aliotoka, akapita nyuma ya maduka, na kila alipokanyaga palikuwa na kivuli. Nilipokuwa na nafasi niliandamana nao, naye alinieleza, nami sasa nawaeleza wengine. Asubuhi shika upande wa mashariki wa barabara, maana jua liko nyuma ya majengo hayo na kivuli chake kinakuangukia wewe. Ukiona ukuta mrefu, punguza mwendo. Ukiona uwanja wa wazi, usiukatize hata kama ndiyo njia ya mkato, uzunguke. Na bodaboda usiipande ukiwa na joto, kwa sababu ule upepo unakudanganya. Unajiona umepoa, unasahau kunywa maji, ukishuka kichwa kinagonga.

Hayo ni mambo ya asubuhi. Kufika saa sita jua linakaa utosini, na kivuli cha ukuta kinakwisha kabisa. Kinachobaki ni cha paa. Kwa maneno mengine, zinabaki baraza za watu, na hapo ndipo kazi yake hasa ilipoanza.

Baraza ina mwenyewe. Mzee wa Wageni hakuwahi kuweka mguu kwenye baraza ya mtu kabla ya kumwita mwenyewe kwa jina na kumwuliza jambo la nyumbani kwake. Hakuridhika na "habari za hapa". Alimtaja mtu, akataja na mwanawe, au mguu wake unaouma, au shamba lake la mahindi. Kutoka Mfaranyaki mpaka sokoni zilikuwepo baraza nyingi mno, na sikumwona akikwama hata kwenye moja. Niliwahi kumwambia kwamba kwetu Tunduru mtu akiona kivuli anapiga hodi na salamu tu, inatosha. Akasema watu wa Tunduru tumezoea kuungua, ndiyo maana hatuna adabu ya vivuli. Akacheka mwenyewe, kisha akanieleza taratibu.

"Binti wa Tunduru, kivuli cha baraza si cha Mungu kama cha wingu. Kuna mtu amenunua bati, ameezeka, anafagia kila asubuhi. Ukiingia hapo bila kumtaja jina, umemwambia yeye ni nguzo."

Alitoka siku moja na bwana mmoja mkubwa wa mwili, mhandisi, aliyekuwa na haraka na kamera. Jua lilimzidi mbele ya duka la Mama Upendo, muuza vitenge. Bila kusema neno akaruka barazani, akaegemea mlango, akaanza kujifuta jasho. Mzee alibaki amesimama juani, mikono nyuma, anatazama barabara. Ilimchukua yule bwana muda kugundua kwamba yuko peke yake.

"Shuka, baba," mzee akamwambia. "Tuje upya."

Akashuka. Wakaja upya. Mzee akamsalimu Mama Upendo, akamwuliza binti yake Upendo mtihani ameuonaje, akamtambulisha mgeni wake. Mama Upendo alishikilia mlango kwa kicheko, akasema alidhani ni kuku wa jirani ameingia. Aliwapa viti na maji ya mtungi, na yule mhandisi alikaa pale mpaka jua likageuka. Jioni aliniambia kwamba hicho ndicho alichokiona Songea. Vingine ni picha.

Togwa ilikuwa sehemu ya matembezi. Mzee alikuwa na mama muuzaji wake nyuma ya soko ambaye aliitengeneza kwa ulezi na kuiweka ndani ya mtungi uliozungushiwa gunia bichi. Wageni waliitaka soda ya friji. Aliwazuia. Alisema soda baridi inamdanganya mtu koo, kiu inarudi na mdogo wake. Lakini yeye mwenyewe togwa hakuigusa. Huku wenzake wakipoa, aliagiza chai ya rangi, ya moto, akainywa na koti lake limefungwa vifungo vyote. Nilimwuliza mara nyingi. Leo alijibu kwamba chai inafungua jasho, kesho kwamba ni mazoea, siku nyingine kwamba mtu anayeongoza watu hawezi kuonekana kifua wazi. Nadhani jibu la tatu ndilo la kweli.

Mwamvuli aliuchukia. Binti yake, anayeuza kwenye duka la dawa, alimnunulia mmoja mweusi, mzuri, na mzee akautundika msumarini, ukakaa hapo. Alisema mwenye mwamvuli hamhitaji mtu. Anapita mjini kama gari. Nilimwambia mvua nayo itakuja. Akasema ya mvua ni mambo mengine.

Na kulikuwa na mahali pamoja ambapo kanuni zake zote aliziweka chini. Kwenye makaburi ya mashujaa wa Majimaji, pale ambapo waliozikwa ni watu walionyongwa, hakumruhusu mtu kusogea kwenye kivuli. Alivua kofia, akasimama juani, akasimulia mpaka mwisho. Kuna mama mmoja alianza kurudi nyuma kuelekea mti. Mzee hakumkaripia, ila aliacha kusimulia mpaka yule mama aliporudi. Baadaye, wakiwa barazani kwa mtu, alimpa maji yeye wa kwanza, akamwuliza kama kichwa kiko sawa.

Siku ambazo mji haukufaa kabisa aliwapeleka Peramiho kwa basi dogo la asubuhi. Huko aliwaingiza kwenye kanisa kubwa la abasia, lenye kuta nene za matofali, akawaacha wakae tu bila maelezo. Alisali kidogo, kwa kuwa yeye ni Mkatoliki, kisha akasinzia kwenye benchi la mwisho. Mara ya kwanza nilipofuatana nao nilibaki mlangoni na ushungi wangu, sijui niingie au nisiingie. Aliniita kwa kidole. Akaninong'oneza kwamba matofali hayana dini, nikae nipoe. Nikakaa. Namshukuru Mungu kwa benchi lile.

Nimesema mazuri mengi, basi niseme na mengine. Alikuwa mkaidi. Hakupenda kusahihishwa mbele ya watu. Wageni wanaopiga picha kila hatua aliwaita washona viraka, watu wasioona kitu kizima. Na alipenda mno kusifiwa kwamba anamjua kila mtu. Ukimwambia hivyo alijifanya hajasikia, akakuomba urudie.

Msimu wa joto wa kabla ya huu uliopita walimwokota barabarani. Ilikuwa adhuhuri, karibu na soko, alikuwa peke yake. Alianguka na koti lake, mdomo mkavu, hawezi kusema. Kijana wa bodaboda na muuza ndizi walimpeleka hospitali, akalazwa, akawekewa maji. Alipona. Lakini wote walioshuhudia walisema kitu kilekile: alikuwa anatembea katikati ya barabara, juani, na baraza zimejipanga kulia na kushoto kwake. Walimwita, hakukata kona. Binti yake aliposikia hivyo alielewa jambo moja, na mtu yeyote angeelewa hivyohivyo. Baba amepotea njia. Uzee umemwingia kichwani.

Akamhamishia kwake Mjimwema. Nyumba ni mpya, nzuri, amejenga kwa jasho lake. Bati la rangi, madirisha ya vioo yenye nondo, geti la chuma, na uwanja wote umetandikwa vitofali vya saruji. Miti waliikata wakati wa kujenga. Dari bado. Feni ipo, na inafanya kazi umeme ukiwepo. Kila asubuhi binti huyo anapika, anaweka chupa ya chai mezani, anafunga geti kwa kufuli, anakwenda kazini. Mchana anarudi kumpa chakula, kisha anafunga tena. Aliniambia haya huku machozi yanamlengalenga. Alisema anafungia baba yake ndani kama mbuzi, lakini afanyeje, akimwacha wazi atamwokota wapi safari ijayo. Ndugu zake wako mbali na wanatuma salamu.

Mwezi wa kumi na moja huu uliopita nilikwenda kumwona. Sikujua ratiba ya kufuli, nikafika kabla ya mchana. Nilipogonga geti nilisikia kiti kikiburutwa, kisha jicho lake likatokea kwenye upenyo kati ya mabati mawili ya geti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tunduru wanasemaje?"

Nikamwambia hawajambo. Aliniomba radhi kwamba hawezi kunikaribisha, mwenye ufunguo yuko kazini, kisha akaniambia niache kusimama hapo katikati, nisogee nguzo ya kulia, kuna kivuli cha shubiri moja. Nikasogea. Kilikuwepo. Yeye mwenyewe, kwa nilivyoona, alikuwa amesimama juani na koti lake.

Tukazungumza hivyo, chuma katikati yetu. Alisema ndani hakukaliki. Mchana bati linalia, vioo vinashika joto, akifungua dirisha linaingia joto jingine. Alikuwa amejifunza nyumba ile kama alivyojifunza mji: asubuhi chooni, maana kuko upande wa magharibi, saa nne koridoni, saa sita anakaa chini ya tangi la maji. Baada ya hapo hakuna. Hakulalamika juu ya binti yake hata mara moja. Alisema ni mtoto mzuri, anamwogopea.

Nikamwuliza kile kilichonisumbua mwaka mzima. Kwa nini katikati ya barabara? Mtu aliyetufundisha sote.

Jicho lake liliondoka kwenye upenyo.

"Njia sikupotea," akasema. "Njia naijua mpaka sasa. Nilifika kwa yule mama wa vitenge, nikasimama. Najua binti yake yuko chuo. Najua mumewe alifariki kwa presha. Jina lake halikuja. Nikasema nitakwenda baraza inayofuata. Hapo nako halikuja. Nikavuka. Halikuja."

"Si ungekaa tu, Mzee? Mama Upendo angekukatalia kweli?"

"Mama Upendo," akarudia, polepole, kama mtu aliyeokota kitu. Kisha akasema, "Nisingeweza kukaa pale kama kuku."

Nikamwambia nitamweleza binti yake. Ni jambo rahisi kueleza, na akielewa kwamba baba hapotei huenda akaondoa kufuli. Alipiga geti kwa kiganja. Alinitaka nimwahidi kwamba sitamwambia. Aliona afadhali mwanawe adhani amepotea njia. Njia mtu anaweza kupotea, hata kijana anapotea. Lakini kusahau watu ni kitu kingine. Siku atakapojua kwamba baba yake anasahau majina, kila asubuhi atamtazama usoni akingoja lake lipotee. Nikaahidi.

Binti akafika kwa bodaboda na mfuko wa maembe. Alifungua, tukaingia, tukala ugali na majani ya maboga chini ya feni isiyozunguka. Nami, kwa kuwa sikuweza kueleza, nikaomba. Nilimwomba aniachie mzee nitembee naye hadi mwisho wa mtaa tu, yeye akiwa anatuona kutoka getini. Mzee aliacha kutafuna. Binti alifikiri, akatazama nje kulivyowaka, akasema sawa. Akaongeza kitu ambacho sikukitegemea. Kama baba atafika dukani pale kona, akarudi bila kupotea na bila kuyumba, basi kuanzia kesho geti litakaa wazi asubuhi.

Mzee alinyanyuka, akafunga kifungo cha juu cha koti.

Mtaa wao si mrefu. Kabla ya duka la kona kuna baraza moja tu, ya fundi cherehani, ambaye nilimfahamu kwa sababu alikuwa anashona Mfaranyaki zamani. Tulipokaribia nikatangulia nusu hatua na kusema kwa sauti, "Fundi Komba, hujambo?" Nilimwona mzee akivuta pumzi. Akaja nyuma yangu na salamu yake nzima, Fundi Komba hili, Fundi Komba lile, na kama mkewe amepata nafuu ya mgongo, na ile cherehani ya miguu aliiuza au bado anayo. Fundi alifurahi, akasogeza mkasi, akatupa benchi. Tukakaa kivulini. Mzee alikuwa ananyooka huku namwangalia. Alinionyesha upande ambao upepo ungetokea kama ungekuwepo. Getini binti alikuwa ameweka mkono juu ya macho, anatutazama, na nilimwona anatabasamu.

Tukaaga, tukaendelea hadi kona.

Duka la kona lina baraza pana, mpya, yenye bati refu. Mwenye duka alikuwa ndani, mtu mzima wa makamo, anapanga sabuni. Mzee alisimama mbele ya ngazi, juani. Alinitazama. Nami nikatazama ndani, nikamtazama yule bwana mara ya pili, na jina lake sikuwa nalo. Mimi naishi Mfaranyaki. Sikuwahi kumwona mtu yule maishani mwangu.

Nikafanya ambacho ningefanya popote. Nikasema samahani kaka, sisi ni jirani zako hapa, hatujapata kulijua jina lako. Akajibu vizuri kabisa, akajitaja, akasema karibuni kivulini, jua kali. Nikapanda. Nikageuka kumpa mzee mkono.

Hakuushika. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia, linaingia kwenye ukosi wa koti.

"Wewe ni mgeni, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, ili mwenye duka asisikie. "Unaruhusiwa kuuliza."

"Na wewe ndiyo umehamia juzi tu, Mzee. Hapa Mjimwema wewe pia ni mgeni."

"Mimi?" akasema. "Mimi Songea?"

Mwenye duka alitoka mpaka mlangoni na kumsalimia shikamoo. Mzee aliitikia, akamshukuru, akamwambia ana haraka. Kisha akageuka. Hakuyumba. Alirudi katikati ya barabara, juani, akampita Fundi Komba kwa kuinua kofia, nami nyuma yake nikimwambia taratibu, Mzee, taratibu, mpaka tukafika getini.

Binti yake alikuwa hatabasamu tena.

"Mbona mmegeuza, naye katikati ya barabara tena? Alikuwa hakumbuki pa kupita?"

Aliniuliza mimi. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuwaeleza watu mambo, na maelezo haya yangechukua pumzi moja tu. Nilimtazama mzee. Alikuwa ameshaingia ndani, amesimama kwenye vile vitofali vya saruji, mikono nyuma.

"Nilichanganya njia kidogo," akasema. "Funga, mama. Jua linaingia."

Akafunga.